Ukifuta historia ya Linux, umefuta daftari lipi?

Kaa mbele ya kompyuta ya Linux ambayo mwenzako ameinuka bila kuifunga, fungua terminali, bonyeza kishale cha juu. Amri ya mwisho aliyoandika itajitokeza. Bonyeza tena, inakuja ya kabla yake. Ukiendelea hivyo dakika mbili tatu utajua alihamisha mafaili gani, aliingia seva ipi, neno gani lilimshinda tahajia akalirudia mara nne, na pengine utakutana na mstari kama huu: "mysql -u root -pMaembe2019 mishahara". Hifadhidata inaitwa mishahara, nywila yake ni Maembe2019, na aliyeiandika yuko kantini anakunywa chai.

Hakuna aliyemdukua. Kompyuta imekumbuka kwa sababu iliundwa ikumbuke, ili mtumiaji asiandike amri ndefu mara mbili. Kwa anayeshinda kwenye terminali kumbukumbu hiyo ni msaada mkubwa. Siku kompyuta inapoingia mikononi mwa mwingine, awe mfanyakazi mwenza, fundi, mnunuzi wa mitumba au askari wa upelelezi, inageuka mzigo. Ndipo watu huuliza jinsi ya kufuta, na jibu wanalopewa huwa amri moja. Amri hiyo hufuta daftari moja, ilhali Linux ina madaftari chungu nzima, kila programu na lake, na mengine hata si yako.

Zamani za Unix, mfumo ambao Linux iliufuata, mwanzoni mwa miaka ya 1970 kule Bell Labs, Marekani, jambo hili halikuwa na uzito. Akina Ken Thompson, waanzilishi wa mfumo huo, walikaa mbele ya mashine za teleprinta zilizochapa kila amri kwenye karatasi. Uliyoyafanya tangu asubuhi ulikuwa nayo mkononi, na ukitaka kuyaficha ulichana. Skrini zilipochukua nafasi ya karatasi, mistari ikawa inapanda juu na kupotea. Mwishoni mwa muongo huo Bill Joy, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliandika C shell, programu ya kupokea amri iliyoweza kuzikumbuka na kuziita upya kwa alama ya mshangao. Andika !! leo kwenye Ubuntu mpya kabisa, amri yako iliyopita itarudiwa. Brian Fox alipotoa Bash mwaka 1989 kwa ajili ya mradi wa GNU, utaratibu huo ulikuwa umeshazoeleka, na Bash ndiyo inayowapokea watumiaji wengi wa Linux hadi sasa.

Kwa nini faili hurudi

Bash hufanya kazi hivi. Unapofungua terminali, inasoma faili liitwalo .bash_history ndani ya folda yako ya nyumbani na kulipakia kwenye kumbukumbu. Amri mpya unazoandika hazigusi faili hilo. Zinakaa kwenye kumbukumbu ya dirisha lile hadi ulifunge, ndipo zinaandikwa kwenye diski. Ikiachwa ilivyo, Bash huhifadhi amri 500. Debian na Ubuntu wameongeza kiwango, 1,000 kwenye kumbukumbu na mistari 2,000 ndani ya faili. Kwa mtumiaji wa kawaida hiyo ni miezi mingi ya maisha yake.

Faili lenyewe hulioni ukifungua folda kwa kawaida, kwa kuwa jina lake linaanza na nukta. Rob Pike, mmoja wa wakongwe wa Bell Labs, alishaeleza kwamba desturi hii ilizaliwa kwa bahati mbaya: aliyeandika programu ya kuorodhesha mafaili alitaka kuruka majina mawili tu, nukta moja na nukta mbili, akachukua njia ya mkato na kuruka kila jina linaloanza na nukta. Andika "ls -a" na pazia linaanguka. Anayetegemea nukta imfichie siri hajaficha kitu.

Sasa tazama wanavyonaswa watu. Mmoja anaandika "rm ~/.bash_history", anashusha pumzi, anafunga dirisha. Lakini dirisha lilikuwa bado limebeba amri zake za leo, na linapofungwa linaunda faili upya na kuzimwaga humo. Ukilifungua utakuta shughuli zake zote za kikao kile, na kati yake mstari unaosema rm ~/.bash_history. Ya jana na juzi yameondoka; ya leo yapo, pamoja na ushahidi kwamba alitaka kufuta.

Mwingine amesoma kidogo zaidi, anatumia "history -c". Akiandika "history" anaona orodha tupu, anaridhika. Hiyo imesafisha kumbukumbu ya dirisha moja tu, faili la kwenye diski halijaguswa, na kesho akifungua terminali kishale cha juu kitamletea yaleyale. Kinachotakiwa ni kusafisha kumbukumbu kisha kuilazimisha Bash iandike orodha hiyo tupu juu ya faili: "history -c && history -w", zote mbili katika mstari mmoja. Kuziunganisha kuna faida yake. Bash huingiza mstari kwenye historia kabla ya kuutekeleza, kwa hiyo mstari huo unafutwa na sehemu yake ya kwanza, na faili linabaki tupu kweli.

Hata hapo, hesabu madirisha. Kila terminali iliyo wazi ina kumbukumbu yake, na kila moja itaandika yake itakapofungwa. Aliyefungua nne akasafisha moja atakuta tatu zimemrudishia kila kitu. Funga nyingine zote kwanza, zikiwemo zile zilizoachwa zikiendelea ndani ya programu ya tmux au kwenye seva ya mbali ambazo mtu husahau kwamba bado zinapumua.

Binafsi simshauri mtu kufuta yote. Historia ya miezi sita ni mali. Kuna ile amri ya kubadili video kwa ffmpeg uliyoitafuta usiku kucha, kuna ile ya kunakili hifadhidata yenye vipengele kumi na viwili, na ukibonyeza Ctrl na R ukaandika herufi chache zinakuja zenyewe. Kutupa hayo yote kwa sababu ya mstari mmoja wenye nywila ni hasara ya bure. Tafuta namba ya mstari huo kwa "history", uondoe kwa "history -d" ukifuatisha namba, kisha andika "history -w".

Halafu badilisha nywila. Hili ndilo linalorukwa mara nyingi, na ndilo lenye maana kuliko yote. Nywila iliyokwisha kuandikwa wazi kwenye diski ihesabu kuwa imevuja: huenda nakala rudufu ya usiku imeshaibeba, huenda mwenzako aliyebonyeza kishale cha juu anayo kichwani. Kufuta mstari kunazuia wa kesho asiione. Wa jana hawezi kuzuiwa isipokuwa kwa kuifanya nywila ile isifungue kitu tena.

Bora zaidi isiingie kabisa. Ukiwa na MySQL, andika -p peke yake bila nywila. Programu itakuuliza, nawe utaandika bila herufi kuonekana wala kuhifadhiwa na Bash. Njia nyingine ni kuanza amri kwa nafasi moja tupu. Kwenye Ubuntu na Debian amri iliyotanguliwa na nafasi haiingii kwenye historia, kwa kuwa wameweka mpangilio uitwao HISTCONTROL kuwa ignoreboth. Wale wa Fedora wasiige kabla ya kuangalia: huko mpangilio wa kawaida hukataa marudio tu, na amri yenye nafasi mbele itahifadhiwa kama zilivyo zingine. Mambo kama haya ndiyo yanayomwangusha fundi aliyehama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine akiwa na mazoea ya kule alikotoka.

Na huenda hutumii Bash. Kali Linux, inayopendwa na wanafunzi wa usalama wa mitandao, ilihamia Zsh mwishoni mwa mwaka 2020. Faili lake ni .zsh_history, na "history -c" haifanyi kazi kule. Fish nayo huweka yake ndani ya folda ya .local. Juu ya hapo, programu zinazoendeshwa ndani ya terminali zina kumbukumbu zao: Python ina .python_history, PostgreSQL ina .psql_history, kisomaji cha maandishi kiitwacho less hukumbuka ulichotafuta na kukiweka kwenye .lesshst, Vim ina .viminfo yenye majina ya mafaili uliyohariri. Ukisafisha Bash hakuna hata moja kati ya hizo inayotikisika.

Mafaili ya hivi karibuni

Watumiaji wengi wa Linux hawafungui terminali kabisa. Wanabofya. Nao wana daftari lao, na kwa maoni yangu ndilo linalosema mengi zaidi.

Kwenye mazingira ya GNOME, ambayo ndiyo ya kawaida kwa Ubuntu na Fedora, waraka ukifunguliwa taarifa zake huandikwa kwenye faili liitwalo recently-used.xbel, ndani ya .local/share. Ni maandishi ya kawaida ya XML yanayosomeka kwa programu yoyote ya kuhariri. Tuseme Asha amefungua barua yake kwenye kompyuta ya ofisi. Kutakuwa na kipengele chenye anwani file:///home/asha/Nyaraka/barua-ya-kuacha-kazi.odt, kikifuatwa na nyakati tatu: barua ilipoingia kwenye orodha, taarifa zake zilipobadilishwa, na ilipotembelewa mara ya mwisho. Ndani yake imetajwa aina ya faili, programu iliyolifungua, na programu hiyo imelisajili mara ngapi. Nyakati huishia na herufi Z, yaani ni saa za kimataifa, hivyo 2024-03-11T05:42:10Z kwa aliyeko Dar es Salaam au Nairobi ni saa mbili na dakika arobaini na mbili asubuhi, siku ya Jumatatu. Bosi anayejua kulisoma faili hilo atafahamu kwamba Asha alianza wiki akiwa na barua ya kuacha kazi, na kwamba aliifungua mara sita kabla ya chai ya saa nne.

Asha akiifuta barua yenyewe, kipengele kile hakiondoki nayo. Jina la barua peke yake limeshasema yote.

Kusafisha hapa ni rahisi kuliko kwenye terminali. Fungua mipangilio ya GNOME, ingia sehemu ya faragha, kuna ukurasa wa historia ya mafaili wenye kitufe cha kufuta na swichi ya kuzima. Unaweza pia kuamua kumbukumbu idumu siku moja, saba, thelathini au milele. Anayetumia kompyuta moja na wenzake azime kabisa, hatakosa kikubwa. Wengine hufuta faili la xbel kwa mkono, nalo huzaliwa upya mara tu waraka mwingine unapofunguliwa. Hakuna ubaya, ilimradi ujue kwamba umefuta ya nyuma na ya mbele yanaendelea kuandikwa.

KDE, mazingira mengine ya dawati, ina utaratibu wake: folda ya RecentDocuments yenye vijifaili vya njia ya mkato, na pembeni hifadhidata ndogo ya SQLite inayofuatilia shughuli zako. LibreOffice nayo haitegemei mazingira. Huweka orodha yake ndani ya faili la mipangilio liitwalo registrymodifications.xcu, na husafishwa kwenye menyu yake yenyewe. VLC hivyohivyo, kwa wale wenye filamu wasizotaka zijulikane.

Halafu kuna vijipicha. Ukifungua folda ya picha, kompyuta huchora nakala ndogo ya kila moja ili ikuonyeshe haraka, na nakala hizo huhifadhiwa kwenye .cache/thumbnails. Zile za kawaida zina ukubwa wa pikseli 128, zile kubwa 256, na kwenye 256 uso wa mtu unatambulika vizuri kabisa. Jina la kijipicha ni msururu wa herufi na tarakimu usioeleweka, lakini ndani ya PNG yenyewe kumeandikwa anwani kamili ya picha ilikotoka. Futa picha halisi kwa amri ya terminali, kijipicha hakiguswi. GNOME husafisha ghala hilo baadaye, na muda wake wa kawaida ni siku 180, kwa hiyo nusu mwaka ni muda wa kutosha kwa mengi kuonekana.

Fikiria stesheneri yenye kompyuta ya Ubuntu. Mteja analeta flashi yenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na picha za pasipoti, mhudumu anafungua folda, anachapa kurasa mbili, mteja anachomoa flashi na kwenda zake akiamini ameondoka na kila kitu. Vijipicha vya vyote vilivyokuwa kwenye folda ile vimebaki kwenye akaunti ya dukani, pamoja na majina ya mafaili kwenye orodha ya hivi karibuni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zinamdai anayeshika taarifa za watu azilinde. Mwenye duka angefanya vyema kuwahudumia wateja kwa akaunti ya pekee yenye historia iliyozimwa, na kumwaga folda ya vijipicha kila jioni. Kazi hiyo huchukua sekunde chache.

Madaftari ya mwenye mashine

Yote niliyotaja hadi hapa yapo ndani ya folda yako na una haki ya kuyafuta. Yapo mengine usiyoyagusa. Kila unapotumia sudo, mfumo huandika kwenye kumbukumbu zake: nani, kutoka terminali ipi, akiwa folda gani, na amri nzima aliyoagiza. Kwenye Debian na Ubuntu utayakuta kwenye /var/log/auth.log au ndani ya kumbukumbu za systemd. Kwa jamii ya Red Hat ni /var/log/secure. Kwenye mifumo mingi faili la wtmp hutunza nani aliingia na lini, na amri ya "last" huyasoma. Ukisafisha .bash_history mpaka ing'ae, "sudo apt install" ya Jumanne bado imeandikwa kule, na katika ofisi zinazojua kazi nakala yake imeshatumwa kwenye seva nyingine kabla hujamaliza kubonyeza.

Ndiyo maana kufuta historia ili kuficha kosa hakufanikiwi kirahisi kama vijana wengine wanavyodhani. Orodha ya MITRE ATT&CK, inayotumiwa na wanausalama duniani kote kupanga mbinu za wavamizi, ina kifungu maalumu cha kufuta historia ya amri, namba T1070.003. Mkaguzi akikuta akaunti ya mtu aliyefanya kazi miaka miwili ina historia tupu, au .bash_history imeelekezwa kwenye /dev/null, hapo ndipo anapoanza kuchimba. Mashine ikiwa bado inawaka, programu kama Volatility huweza kuchambua picha ya RAM na kutafuta amri za Bash ambazo hazikuwahi kufika kwenye diski. Na kufuta mambo kwenye seva ya mwajiri wakati uchunguzi umeshaanza kunaongeza shtaka juu ya lile la mwanzo.

Kwa mwenye sababu halali ya kutotaka kuacha alama tangu mwanzo, kama mwandishi wa habari anayelinda chanzo chake, ipo Tails, Linux inayowashwa kutoka kwenye flashi, inafanya kazi ndani ya RAM na kuacha diski ya kompyuta bila kuigusa. Edward Snowden, aliyevujisha siri za kijasusi za Marekani, na waandishi aliowapa nyaraka mwaka 2013 waliitumia. Haina cha kufuta kwa sababu haikuandika, labda wewe mwenyewe uiambie ihifadhi kitu kwenye sehemu iliyosimbwa ya flashi.

Kompyuta inapouzwa

Limebaki suala la mashine inayoondoka kabisa mikononi mwako. Hapo kufuta daftari mojamoja ni kupoteza jioni. Hata kufuta faili kwa rm huondoa anwani yake tu, data inaendelea kulala kwenye diski mpaka nafasi ile iandikwe kitu kingine. Kuna amri ya shred inayoandika takataka juu ya faili, nayo ilikuwa na kazi kwenye diski za zamani zinazozunguka. Kwenye SSD haina uhakika, kwa sababu diski ya aina hiyo huhamisha maandishi mapya kwenye seli nyingine ili isichakae upande mmoja, na yale ya zamani yanabaki yalipokuwa.

Njia inayofanya kazi huanza siku ya kwanza. Wakati wa kusakinisha Ubuntu, Fedora au Debian kuna chaguo la kusimba diski nzima kwa LUKS, ambalo wengi hulipita kwa haraka ya kuona dawati jipya. Diski iliyosimbwa tangu mwanzo hufutwa kwa kuua funguo zake peke yake, hata kama ina terabaiti nzima: historia, vijipicha, orodha ya hivi karibuni, kumbukumbu za sudo na barua ya Asha vyote vinageuka kelele zisizosomeka, ilimradi hukuweka nakala ya funguo hizo mahali pengine. Amri yenyewe ni "cryptsetup luksErase" ikifuatwa na jina la sehemu ya diski iliyosimbwa. Itakuonya kwamba hakuna kurudi, kisha itataka uandike YES kwa herufi kubwa. Ukiandika kwa ndogo, haifanyi kitu.